Tulivyopanda Mlima Kuuliza Maziwa

Tangu nirudi, hakuna anayeingia dukani kwangu Greyville na kochi lake la kushonwa upya asiyeanza na swali lile lile: "Hamadi, Arabuni kulikuwaje?" Nimesimulia mpaka koo limekauka. Kila nikiruka kipande, kesho yake mtu ananirudishia kipande hicho kikiwa kimeshaota mikono na miguu. Basi nimekaa chini nimeandika. Habari za viza, tiketi na foleni za ofisini sitawapa. Mnazijua, na mimi nikizikumbuka damu inanipanda. Nitawapa yaliyobaki, na wenye habari yao wameniruhusu, kwa sababu maneno ya mtaani yamekwisha kuwa mengi kuliko yaliyotokea.

Greyville

Kwa asiyetujua: mimi na dada yangu Zuhura ni watu wa Wete, Pemba, ila Durban imekwisha kutuzeesha. Tunakaa jengo moja, yeye ghorofa ya juu, mimi ya chini, na katikati yetu yuko Maman Clarisse wa Bukavu, ambaye hakuna neno linalopanda wala kushuka ngazi asilolisikia. Dada ana binti mmoja tu, Raya, anasomea ufamasia kule Westville. Raya alikuwa amechumbiwa na Idrisa, kijana wa kazi za bandarini anayekaa Bluff na mama yake, Bi Mwanakheri. Nao ni watu wa Wete, tena mtaa mmoja na sisi. Ugenini huku, kumpata mkwe anayejua nyumba yenu ilitazama upande gani ni bahati ya mtende.

Siku ya kupanga harusi tulikula biriani, tukafika kwenye chai, na watu wakaanza kusifiana kama ada. Dada akahadithia jinsi alivyougua baada ya kumzaa Raya, akapelekwa Unguja hospitali yu mahututi, na jirani yetu Bi Thuwaiba akamchukua mtoto akamnyonyesha wiki kadhaa. Bi Mwanakheri kwa furaha akapiga makofi. "Bi Thuwaiba! Si ndiye aliyenishikia Idrisa wangu nilipopata jipu la titi? Tena mama mkwe alinambia alimnyonyesha!"

Shehe wetu alikuwa na kijiko cha halua njiani kuelekea mdomoni, akakirudisha kwenye sahani. Bi Mwanakheri mwenyewe alichelewa kuelewa alichokisema, na alipoelewa alijifunika uso kwa mtandio.

Kwa wasio wa dini yetu nieleze. Watoto wawili wakinyonya titi la mwanamke mmoja, wamekuwa ndugu kama wa tumbo moja, na hawaoani mpaka kiama. Shehe alitupa upenyo mmoja. Kwa madhehebu yetu, alisema, huhesabiwa mara tano za kushiba. Mtoto akiwekewa titi mara moja mbili ili anyamaze tu, hapo hakuna udugu. Raya alinyonya wiki nyingi, hilo halina shaka. Suala ni Idrisa. Mama yake siku zile alikuwa na homa, hajui usiku wala mchana, na mama mkwe aliyemsimulia ameshatangulia mbele ya haki. Aliyebaki anayejua ni Bi Thuwaiba peke yake, naye alimfuata mumewe Omani miaka ile ile na habari zake zikakatika.

Namba yake tuliipata kwa kuuliza huyu na yule. Dada akapiga, akaeleza yote bila kuvuta pumzi. Upande wa pili sauti ya kizee ikasema, "Zuhura mwanangu, maziwa hayasemwi kwenye simu. Njooni." Simu ikakatwa.

Ndiyo safari yenyewe hiyo. Shehe aliwaambia Raya na Idrisa wasionane wala wasipigiane simu mpaka tujue. Raya akaacha kula. Idrisa alikuwa akipita dukani kwangu kila jioni kununua vitu nisivyouza.

Bi Thuwaiba anakaa kwenye mji wa kale juu ya Jabal Akhdar, milima ya ndani kabisa ya Omani. Jina la mji silitaji, maana hapendi wageni wa kamera. Habari zilipoenea kwamba tunakwenda, jengo zima likawa na ujuzi wa Arabuni. Mmoja alisema tubebe maji, mwingine alisema tubebe miavuli ya jua. Maman Clarisse peke yake alishuka na koti zito la sufi la mumewe.

"Bwana Hamadi, ile mji iko juu ya mlima?"

"Ndiyo, Maman."

"Basi iko baridi. Kwetu Bukavu iko milima, minajua. Beba hii manteau."

Nikamwambia ni Arabuni, ni jangwa, watu wanaungua kule, koti la nini. Akanitazama kwa huruma. "Eish, wee mubishi! Sharp, sawa, baki na jua yako." Akapanda zake na koti lake.

Dada naye alipanga safari kwa sufuria. Samosa za nyama, samosa za viazi, achari ya embe, vileja. Nikamuuliza kama tunakwenda kuuliza neno au kufungua mgahawa. "Huendi kwa mtu aliyekunyonyeshea mtoto mikono mitupu," alisema, akaendelea kukunja samosa.

Durban mpaka Maskati

Radi ilipiga Durban siku hiyo na ndege yetu ikakawia kuondoka. Kukawia huko kulitukosesha ndege ya pili Dubai, na tukabaki kwenye viti vya chuma karibu siku nzima, tukitazama watu wenye mipango yao wakipita. Mimi subira yangu ni fupi, anayenijua anajua. Nilikwenda kaunta, nikarudi, nikaenda tena, mpaka binti wa kaunta akawa ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Dada hakusogea. Alifungua chombo cha samosa na kumkaribisha mama aliyekaa pembeni yake, ambaye tulipomsikia akizungumza Kiswahili kwenye simu tulijua ni wa kwetu. Alikuwa Mrundi, Mama Espérance, mwenye kuuza nguo pale pale Durban, tena si mbali na sisi. Tulikuwa tumepishana miaka bila kujuana. Alikula samosa ya kwanza akauliza tunakwenda wapi. Alipokula ya tatu alikuwa amekwisha kuijua habari yote.

"Samahani dada," alisema, "sisi Wakristo hatuna hiyo sheria. Vijana wanapendana, hakuna anayekumbuka. Kwa nini mnajitafutia matatizo kwenye milima?"

Nikadhani dada atakasirika. Hakukasirika. "Yule mtoto alipokuwa anakufa njaa, maziwa yale ndiyo yaliyomweka duniani," alisema. "Leo tukisema hayahesabiki kwa kuwa yanatuudhi, tutakuwa watu gani?"

Mama Espérance alifuta vidole, akafikiri. "Basi nitawaombea asiwe amenyonya," alisema. Ndege yetu ilipoitwa alikuwa bado ameshika mkono wa dada. Mimi njia nzima niliwaza kwamba tumeombewa na watu wa dini zote, Mungu atashindwaje.

Maskati mpaka chini ya mlima

Maskati tulikodi teksi ndogo nyeupe. Dereva alikuwa mzee wa kanzu na kofia ya vitobo, ndevu nyeupe, hasemi. Tulimwonyesha jina la mji kwenye simu, akaitikia kwa kichwa, akawasha gari. Basi, tukaona hajui Kiswahili, ni kama tuko wawili tu garini. Nikamwambia dada kwamba mzee huyu anaendesha kama amebeba mayai, tutafika tumeota mvi. Dada akasema bora huyo kuliko wale wa teksi za Durban. Nikasema labda haoni, tazama anavyokodoa macho. Dada akasema labda ana njaa. Tuliendelea hivyo hivyo njia nzima, milima mikavu inakuja na kuondoka dirishani, na mimi sikubakisha kitu, hata pua yake niliisema.

Tulipokaribia Nizwa mzee akapunguza mwendo, akamtazama dada kwenye kioo. "Bibi," alisema kwa Kiswahili safi cha Mjini Unguja, "hizo samosa ndo zimekwisha, au ipo iliyobaki ya mie mwenye njaa?"

Nilitamani mlango ufunguke nianguke. Dada alicheka mpaka machozi, mara ya kwanza tangu siku ya biriani. Mzee Said, ndilo jina lake, alizaliwa Unguja akaletwa Omani mdogo. Alisema hakutukatiza kwa sababu siku nyingi hajasikia watu wakizungumza Kiswahili cha nyumbani bila kujichunga, na alitaka kipindi kiendelee. Alikula samosa nne. Kuhusu pua alisema ni ya baba yake, malalamiko tuyapeleke huko.

Chini ya mlima pana kizuizi cha polisi. Askari alitazama teksi yetu, akatazama magurudumu, akacheka. Hapo ndipo tulipojua kosa la mipango yetu yote ya Greyville: gari dogo haliruhusiwi kupanda Jabal Akhdar. Ni lazima gari lenye nguvu magurudumu yote manne, maana njia ni ya kupanda moja kwa moja. Tuliuliza habari za maji, za jua, za nyoka, lakini njia hatukumuuliza mtu. Mzee Said alijua, ila alidhani tuna wenyeji watakaotupokea kizuizini. "Hamkunambia," alisema, "mlikuwa mmeshughulika na pua."

Hakutuacha. Alisimama nasi barabarani akisimamisha kila pikapu, mpaka ikatokea moja ya kijana aliyebeba mitungi ya gesi na mbuzi wawili. Mzee Said alizungumza naye Kiarabu kwa muda mrefu, na kila mara nilisikia jina la Bi Thuwaiba. Dada akapewa kiti cha mbele. Mimi nikapanda nyuma na mbuzi.

Maman Clarisse, kama unasoma haya, ulisema kweli. Tulipoanza kupanda jua lilikuwa kali, na kila kona upepo ulipunguza kitu fulani mwilini mwangu, kwanza jasho, halafu hisia za masikio. Katikati ya njia meno yangu yaligongana. Nilimkumbatia mbuzi mmoja, naye hakukataa. Kijana aliposimama juu na kuniona nilivyo, alivua shuka lake la sufi akanifunga kichwani na mabegani bila kuniuliza, na tulipofika alikataa kulichukua.

Nyumba ya Bi Thuwaiba

Mji wenyewe umeng'ang'ania ubavu wa jabali. Nusu ni magofu ya mawe na udongo, madirisha matupu yanatazama bonde, na nusu bado ina watu. Chini yake kuna vishamba vya ngazi ngazi, makomamanga na mawaridi, na mfereji mwembamba wa maji unaopita kila mlangoni. Ni pazuri, sikatai. Lakini ukiwa na neno moja kifuani, uzuri unaupita tu.

Bi Thuwaiba alikuwa amesimama mlangoni, mfupi, mkavu, mtandio wa maua. Dada alimfikia akataka kumbusu mkono, yeye akauvuta mkono na kumkumbatia.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba."

"Marahaba wanangu, marahaba. Mmekonda! Huko kwenu hakuna chakula? Ingieni, ingieni."

Tukaingia, na hapo taabu yangu ikaanza. Ilikuja kahawa na tende. Vikombe vyao ni vidogo, nikamaliza changu mara moja, naye akamimina tena. Nikamaliza kwa adabu. Akamimina tena. Sikujua kwamba anayetosheka hutikisa kikombe, asipotikisa ataendelea kumiminiwa mpaka siku ya mwisho. Moyo ulikuwa unanienda mbio ndipo dada, aliyekuwa anatikisa chake tangu zamani kwa kuiga wenyeji, aliponihurumia na kuniambia.

Ukaja mkate mwembamba na asali. Ikaja harisi, ngano iliyopondwa na nyama mpaka ikawa laini ya kulisha mtoto. Majirani wakaja kutuamkia, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja huulizwa habari, husema hakuna habari, halafu hutoa habari zote. Jua likatua. Kila nilipofungua mdomo, Bi Thuwaiba alisema, "Mgeni apumzike kwanza."

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Alituzungusha mji mzima, akatuonyesha nyumba aliyofikia na mumewe, sasa haina paa, na kaburi la mumewe. Hakuzaa naye Omani. Hilo alilisema akiwa ametangulia mbele yetu kwenye ngazi, hatukumwona uso. Alimuuliza dada yote ya Raya: anapenda kula nini, analala vipi, bado ana kovu la tetekuwanga kwenye paji? Lile neno letu hakuligusa. Kule kwao, kumbe, mgeni haulizwi haja yake mpaka siku tatu ziishe. Na dada yangu, aliyesafiri bara na bahari kwa ajili ya swali moja, hakuliuliza. Nilimbana uani.

"Dada, vipi? Muulize!"

"Nitamuuliza."

"Lini?"

"Hamadi, nikimuuliza atajibu," alisema. Nikamwelewa, nikanyamaza. Lakini mimi kunyamaza kwangu hakudumu.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikaomba jembe mwenyewe. Nilishuka kwenye kishamba cha Bi Thuwaiba nikazibua mfereji uliokuwa umejaa majani na matope, nikachimba kwa hasira kama nina ugomvi na ule mlima. Niliporudi, nimeloa, nikamkuta Bi Thuwaiba ameandaa tena halua na kahawa, dada amekaa pembeni amejikunyata. Ndipo likanitoka.

"Bi Thuwaiba, niwie radhi. Hatukuja kula halua. Kule nyumbani kuna watoto wawili hawali wala hawalali. Tuambie, turudi."

Dada alisema, "Hamadi!" kama ananipiga kofi. Bi Thuwaiba hakukasirika. Aliweka birika chini, akakunja mikono mapajani.

Neno lenyewe

"Nlikuwa nimezika," alianza. "Zuhura, weye unakumbuka?"

Dada alitikisa kichwa kwamba anakumbuka.

"Mtoto wa kiume. Hakufika arubaini. Watu wakaja msibani, wakala, wakaondoka, na mie nikabaki na kifua kimejaa, kinauma, kinavuja, na wa kukinyonya hayupo. Siku ya nne akaja mama mkwe wa Mwanakheri kambeba Idrisa, mtoto kalia mpaka hana sauti. Hakunambia kitu. Alimweka tu mapajani mwangu akatazama ukutani. Nikampa. Akashika. Akanyamaza. Na mie nikanyamaza, maana nlikuwa nalia tangu siku ya kuzika."

Nilijua tayari, lakini nilikuwa na ule upenyo wa shehe, nikaung'ang'ania. "Mara ngapi, Bi Thuwaiba? Shehe wetu anasema ni mara tano za kushiba. Kama ilikuwa mara mbili, mara tatu..."

Alinitazama kwa upole ulioniumiza zaidi kuliko kama angenitukana. "Mwanangu, nlimnyonyesha mpaka jipu la mama yake likapona, na hata lilipopona alikuwa akinisikia sauti nyuma ya ukuta analia atolewe aletwe. Halafu nawe Zuhura ukapelekwa Unguja, nikaletewa Raya. Kwa maziwa yale yale. Idrisa ndiye aliyenifanya nisikauke. Bila yeye, Raya asingekuta kitu."

Dada alikuwa ameshika mtandio mdomoni. Sikuwahi kumsikia dada yangu akilia kwa sauti, hata siku ya msiba wa mama, na sasa alilia kwa sauti.

"Ulipopiga simu," Bi Thuwaiba alisema, "nlifikiri kukwambia sikumbuki. Nimekuwa mtu mzima, nani angenibisha? Mngewafungisha ndoa, na mie ningeletewa halua ya harusi. Nlikata simu ili nisiseme hivyo. Halafu nikakaa nikajiuliza: kwa nini ulimi umekuwa mzito? Nikajua. Mie Mungu alinipa watoto watatu. Mmoja nimemzika. Hawa wawili nikisema si wangu ili waoane, nitakuwa nimewazika na wao, kwa mkono wangu."

"Na kwa nini usituambie hayo kwenye simu?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa imekwisha ukali.

"Kwa sababu ningesema ndiyo, mngekata. Mngekuwa na msiba wenu huko, nami huku. Nlitaka mtu anishike mkono."

Dada aliinuka akaenda akalaza kichwa mapajani mwake, mwanamke wa miaka yake, mwenye binti wa kuoza. Bi Thuwaiba alimpapasa kichwa huku akitazama nje. Mimi nilitoka. Nilikaa kwenye ukuta wa mfereji nilioufungua mwenyewe, nikalia, na sioni haya kuandika kwamba nililia. Nilimlilia Raya, nikamlilia kijana wa watu, na baadaye kidogo nikagundua kwamba namlilia pia yule bibi, aliyeishi juu ya jabali miaka yote hiyo na watoto wawili duniani wasiojua kumwita.

Tulipokuwa tunaaga alimuomba dada amwonyeshe picha. Dada alikuwa nayo ya siku ya posa, Raya upande huu, Idrisa upande ule. Bi Thuwaiba aliishika simu karibu kabisa na macho. "Idrisa kanenepa," alisema. "Alikuwa mlafi toka mwanzo."

Kurudi

Kushuka mlima, na teksi ya Mzee Said aliyerudi kutusubiri kizuizini, na Maskati, na Dubai, sikumbuki sana. Mzee Said alitutazama mara moja tu, akaelewa, akaendesha kimya, na safari hii kimya chake kilikuwa cha kutuheshimu. Tulipofika uwanjani hakutaka kusema kwaheri mpaka amsomee dada dua yote ya msafiri, neno kwa neno.

Ndani ya ndege tuliafikiana kwamba hatutawaambia kwa simu. Alikuwa ametufunza, Bi Thuwaiba. Lakini nani aseme, na aseme nini? Dada alisema yeye hawezi. Mimi nikatunga hotuba. Ya kwanza ilikuwa na aya na hadithi, nikaiona ya msikitini. Ya pili ilianza na "wanangu, maisha ni mitihani", nikajichukia. Ya tatu ilikuwa ya sheria, mara tano na kushiba. Nilipanga na kupangua mpaka ndege ikatua Durban, na nilipokuwa nikisukuma toroli sikuwa na hata neno moja.

Walikuwa wamekuja wote. Shehe aliwaruhusu, kwa kuwa wazee wapo. Bi Mwanakheri alikuwa katikati, uso umemsinyaa, tangu siku ya biriani alijiona yeye ndiye aliyewasha moto. Raya alikuwa upande wake wa kulia, amepungua mpaka gauni limemzidi. Idrisa upande wa kushoto, bado na viatu vya kazi, ametoka bandarini moja kwa moja. Watu walikuwa wanatupita na masanduku, wanakumbatiana, wanapigana picha. Sisi tulisimama.

Hakuna aliyeuliza. Walinitazama tu. Dada akageuza uso pembeni, na Raya alipoona mama yake anageuza uso nadhani alikuwa ameshajua, lakini lilikuwa halijasemwa, na mtu hujua kitu na bado akakaa anangojea kisemwe.

Nikafungua mdomo, na hotuba zote hazikuja. Yaliyonitoka ni maneno matatu.

"Mama yenu anawasalimu."

Bi Mwanakheri alitoa sauti ndogo, akashika mkono wa toroli yangu asianguke. Raya alifumba macho. Idrisa alinitazama mimi, akamtazama mama yake, halafu akamtazama Raya kwa muda mrefu, na machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika.

Hawakuwahi kugusana wale watoto. Tangu posa mpaka siku ile, hata kupeana mkono, maana ndivyo tulivyowalea na ndivyo walivyokubali. Idrisa akamzunguka mama yake, akanyoosha mkono, akaushika mkono wa Raya pale mbele yetu sote, vidole ndani ya vidole. Raya hakuutoa. "Twende nyumbani, dada'ngu," akamwambia. Wakatangulia mlangoni wameshikana, na sisi wazee tukabaki nyuma na mizigo, na hapakuwa na hata mmoja wetu mwenye haki ya kumwambia amwachie.